Mbuzi Mwenye Utepe Mwekundu

Pale Handsworth, kwenye safu ya nyumba za matofali zilizoshikana mabega, majirani walimjua Saido kwa dirisha lake. Wasiomjua walidhani ni umbea. Waliomjua walijua ni hofu. Watoto wake walipokuwa wadogo alisimama nyuma ya pazia mpaka awaone wakikata kona kutoka Soho Road na mikoba yao mgongoni, ndipo apumue. Walipokua wakawa wanarudi na basi la jioni, alizijua breki za kila basi lililosimama kituoni, na kila lililoondoka bila kuwashusha lilimchoma kidogo. Abdisamad, mwanawe wa kiume, alimtania kwamba polisi wa Birmingham wangemwajiri wapumzishe kamera zao.

Hofu hiyo alikuja nayo kutoka mbali. Alizaliwa Isiolo kwa baba mfugaji, akasoma mpaka darasa la nne, kisha mbuzi wakamwita. Aliolewa Nairobi, mtaa wa Eastleigh, akazaa wawili, akamfuata mumewe Uholanzi, na huko Uholanzi mume akapata maisha mengine. Saido akawashika watoto wake mkono akaja Birmingham, alikokuwa na binamu. Kazi yake ikawa kutunza wazee katika nyumba moja ya kulelea huko Northfield: kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani. Katika safari zote hizo alikuwa amejifunza jambo moja, kwamba mtu akishakutoka machoni huna hakika naye tena.

Na aliyemtoka machoni kuliko wote ni Nimo, kifungua mimba wake.

Nimo alikuwa mtoto wa maswali. Alipomaliza chuo kikuu akasema haondoki bado, anasomea udaktari. Saido akawatangazia wanawake wenzake msikitini. Ikabidi arudi tena kuwaeleza kwamba si udaktari wa sindano. Ni wa utafiti, na utafiti wenyewe ni wa Watibeti: milima yao na chemchemi zao, wanavyolima, na jinsi dini yao inavyoingia mpaka shambani. Muslimo, mwanamke asiyeweza kukaa na neno mdomoni, akauliza kama Handsworth kumepungukiwa na mashamba au kumepungukiwa na dini. Watu wakacheka. Saido naye akacheka, lakini kicheko chake hakikufika tumboni.

Mwalimu wa Nimo, Lionel, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe ambaye wazazi wake walitoka Jamaika, alikuja kuketi sebuleni kwa Saido kumwondolea wasiwasi. Alieleza, Abdisamad akitafsiri, kwamba kuingia Tibet yenyewe si rahisi kwa mtafiti mgeni. Nimo angekaa kaskazini mwa Nepali, karibu na mpaka, katika kijiji ambacho watu wake ni Watibeti kwa lugha, kwa kilimo na kwa ibada. Angekaa kwa mwanamke aitwaye Dolkar, mkulima wa shayiri, mwenye nyumba na mifugo. Saido alisikiliza yote hayo, akauliza swali moja tu: huyo Dolkar ana watoto? Aliposikia anao, akammiminia Lionel chai.

Nimo akaenda. Wakawa wanaongea kwa simu, Kisomali na Kiswahili vikipishana, na Kiingereza kikijichomeka kila Nimo alipoishiwa maneno. Alimsimulia mama yake kwamba huko plau haigusi ardhi mpaka mtawa achague siku, na siku hiyo dume la kulimia hupakwa siagi kwenye pembe. Akamwambia kuhusu chemchemi zisizofuliwa nguo, na miti inayozizunguka ambayo hakuna anayethubutu kuikata, kwa sababu wanaamini maji yana mwenyewe, na mwenyewe akikasirika hukausha shamba. Akamwambia kwamba shayiri huikaanga, huisaga, na unga wake huukanda kwa chai yenye siagi na chumvi.

“Chai ya chumvi,” Saido alikwenda kumwambia jirani yake. “Mtoto wangu anakunywa supu na anaiita chai.”

Lakini kila simu alirudia maswali yaleyale. Amekula? Amejifunika? Analala wapi baridi ikizidi? Anaswali?

“Naswali, hooyo,” Nimo alijibu. Hooyo ndilo jina alilomwita mama yake tangu akiwa mchanga. “Kibla huku kiko nyuma ya mlima wa barafu.”

Majira ya kuchipua yalipofika, Saido alilazwa siku chache katika hospitali moja ya Edgbaston, moyo ukimwenda mbio kama unaofukuzwa. Akamwapisha Abdisamad asithubutu kumwambia dada yake. Akatoka na vidonge vyake, moyo ukatulia, akarudi dirishani.

Wiki hizohizo Nimo alimtumia picha. Mbuzi mweusi mwenye paji jeupe amesimama juu ya ukuta wa mawe, na sikio lake moja limetobolewa na kupenyezwa utepe mwekundu. Chini yake sauti ya Nimo, ya furaha na haraka: “Huyu ni wako, hooyo. Hauzwi. Hakuna mtu anayemgusa. Nikirudi nitakueleza vizuri.”

Saido hakuhitaji kuelezwa. Aliitazama picha ile mpaka macho yakamlowa. Baba yake kule Isiolo, kaka yake Saido aliposhikwa na homa iliyowapofusha watu wengine, alimkamata mbuzi mmoja zizini, akamfunga kitambaa sikioni mbele ya mashahidi, akaweka nadhiri: mtoto akisimama, mbuzi huyu ni wa Mungu. Tangu siku hiyo mbuzi yule hakuuzwa wala hakukopeshwa. Mtoto aliposimama, mbuzi akachinjwa na nyama ikaenda kwa maskini, hata mguu mmoja haukubaki nyumbani. Kwa hiyo Saido alielewa. Mwanawe, katikati ya watu wa ibada nyingine, alikuwa ameikumbuka mila ya babu yake. Amefunga nadhiri. Akimaliza kazi yake salama, atamchinja mbuzi kwa niaba ya mama yake, kisha atarudi nyumbani. Siku ile Saido alitembea Soho Road kichwa juu, na hata Muslimo alionyeshwa picha.

Nimo hakumaliza kazi yake. Mwezi wa Agosti, akiwa njiani kuteremka mjini kununua betri na mafuta ya taa, mlima ulilainishwa na mvua ukamwagika barabarani, ukalifunika gari walilopanda. Lionel mwenyewe alikwenda kumchukua. Akazikwa Birmingham, kwenye makaburi yenye majani yaliyokatwa vizuri mno, chini ya manyunyu yasiyoisha.

Baada ya matanga wanawake wa msikitini walianza kumwita Mama Abdisamad. Walikusudia huruma, wasimtoneshe kidonda. Saido aliona kama mtoto anazikwa mara ya pili. Mtu mmoja tu hakubadilisha jina: Bhanumati, mjane wa nyumba ya pili, Mhindi wa Kisumu, mama yake Kishore. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha wawili hao tangu siku ya kwanza walipogombania mahali pa kuweka mapipa ya taka. Mmoja alikitoa Isiolo, mwingine Kisumu, na kila mmoja aliamini chake ndicho kilichonyooka.

“Mama Nimo, fungua mlango,” Bhanumati aliita kila siku, mkononi bakuli la kichri, wali uliopikwa pamoja na dengu. Na kila siku Saido alisema ameshakula, akaliweka bakuli jikoni, akalirudisha kesho yake likiwa limejaa vilevile. Bhanumati aliliona. Aliiona pia shingo ya Saido ikitokeza mishipa ndani ya shungi.

Kilichomla Saido ndani hakikuwa msiba peke yake. Ilikuwa ile nadhiri. Lionel alipoleta begi la Nimo, Saido alimuuliza, Abdisamad katikati, kama yule mbuzi bado yupo. Lionel akasema yupo, amekuwa mkubwa, na hakuna anayemgusa. Basi mambo yakawa wazi kwake: mbuzi anangoja kisu, na mwenye nadhiri yuko kaburini. Akamwendea imamu. Imamu akamwambia kwamba nadhiri ya marehemu, ikiwa kweli aliiweka, watu wake waitimize. Akaongeza kwamba aulize kwanza marehemu alinuia nini hasa. Saido alitoka na nusu ya kwanza ya maneno hayo. Ile ya pili ilibaki kwenye zulia.

Usingizi ukamhama. Kila alipofumba macho alimwona Nimo amesimamishwa mahali, akiulizwa kuhusu mbuzi, naye hana la kujibu.

Lionel alikuwa ameacha namba ya Dolkar, akisema yule mama anaomba kila mara kumsalimia mama yake Nimo. Dolkar hakujua Kiingereza. Lakini katika ujana wake alikuwa akiteremka India kila kipupwe kuuza sweta, na Kihindi cha sokoni alikuwa nacho. Saido aliposikia hivyo, alivaa shungi akaenda nyumba ya pili.

Bhanumati alimsikiliza huku akichambua dengu kwenye sinia. Alipofika mwisho wa maelezo, mkono ulisimama.

“Ngoja kwanza, Mama Nimo. Mimi, ambaye hata yai sijawahi kulivunja, unataka niagize mbuzi achinjwe?”

“Si wewe unayechinja. Wewe unatafsiri.”

“Mungu wangu atanifungia mlango.”

“Mungu wako ana milango mingi, Mama Kishore. Utapita mwingine.”

Bhanumati alicheka, akajifuta macho kwa ncha ya sari, na kicheko kikageuka kitu kingine. Alisema ataifanya kazi hiyo kwa sababu Nimo alikuwa akija jikoni mwake kula chapati kabla ya kufika kwao. Ila aliweka sharti moja, kwamba atayasema maneno kama yalivyo, ya huku na ya kule, na Saido asimlaumu kwa lolote litakalorudi.

Wakapiga Jumapili asubuhi, kipindi ambacho kule milimani ni alasiri. Simu iliegemezwa kwenye mtungi wa achari. Uso wa Dolkar ukatokea: mashavu yaliyochomwa na jua na upepo, jiwe la buluu shingoni, na nyuma yake ukuta wa mawe. Alipomwona Saido alishika mdomo. Kisha Kihindi cha filamu cha Bhanumati kikakutana na Kihindi cha sokoni cha Dolkar, kikajikwaa, kikasimama tena.

Dolkar alimwambia Saido kwamba Nimo alilala chumba kilicho juu ya zizi, kwa sababu ndicho chenye joto. Kwamba alijifunza kupepeta shayiri akapiga mluzi wa kuita upepo kama wao. Kwamba siku ya msiba kijiji kizima hakikuwasha jiko la mkate. Saido aliitikia kwa kichwa. Halafu akasema alilokuja kusema, na Bhanumati, macho yameinama kwenye meza, akalipeleka neno kwa neno: kwamba mama anawashukuru, na anawaomba wamkamilishie mwanawe nadhiri yake, wamtafute Mwislamu amchinje yule mbuzi mwenye utepe, nyama iende kwa maskini.

Dolkar alijibu kwa sauti ya chini.

“Anasema mbuzi huyo hachinjwi,” Bhanumati akatafsiri.

Saido akakunja uso. Aliishi miaka mingi akichunga watu kwa jicho, na jicho likamwambia kwamba mwanamke huyu amemzoea mbuzi, au anamtaka. Akamtaka Bhanumati amwambie hadai nyama, hata ngozi hadai, ni maskini wao wenyewe watakaokula. Dolkar akatikisa kichwa. Saido akapandisha sauti.

“Mwambie mwanangu amelala na nadhiri shingoni. Mwambie yeye ni mama, anajua.”

Bhanumati akasema. Na Dolkar, badala ya kubisha, alianza kueleza, polepole, akirudi nyuma kila Bhanumati alipomwonyesha kwa mkono kwamba amempoteza.

Alieleza kwamba majira ya kuchipua Nimo alishuka asubuhi moja macho yamevimba. Kaka yake alikuwa amempigia, akashindwa kuficha: mama yuko hospitali, moyo. Nimo alitaka kuondoka siku ileile lakini njia ilikuwa imefungwa na theluji. Alizunguka uani kama kuku. Sasa, huko kwao, mtu akiugua, nyumba yake humtafuta mnyama aliyekwisha kuandikiwa kisu, wakamtoa kwenye kisu, wakamfunga utepe na kumwachia. Hauzwi, hachinjwi, hafanyishwi kazi, mpaka afe kwa uzee wake. Roho iliyoachiwa, wanaamini, humwongezea siku yule mgonjwa. Nimo alikuwa akiuliza habari za desturi hiyo kwa miezi, kwa ajili ya utafiti wake. Asubuhi ile hakuuliza. Alimwonyesha kidole mbuzi mweusi aliyekuwa ameshatengwa kwa wachinjaji, akasema: huyu.

“Alisema hawezi kuomba kwa miungu yao,” Bhanumati alisema. “Wakamwambia aombe kwake. Anasema aliinua mikono namna hii, viganja juu, kama mnavyoinua nyinyi. Akalia. Halafu yeye mwenyewe akatia utepe.”

Nje basi lilishika breki kituoni, likaondoka.

Saido aliiangalia mikono yake. Aliikumbuka wiki ile ya Edgbaston, jinsi moyo ulivyotulia ghafla alfajiri, na daktari akafurahi. Alijua, kama alivyofundishwa na kama alivyoamini, kwamba uhai uko kwa Mungu na haugawanywi na mbuzi. Alilijua hilo vizuri. Lakini alikuwa hai, ameketi kwenye kiti cha jirani, na mtoto wake alikuwa chini ya majani yaliyokatwa.

“Mbona hakufunga utepe kwa ajili yake mwenyewe?” alisema.

Hakuwa akimwuliza mtu yeyote. Bhanumati alisita, kisha, kwa kuwa alikuwa ameahidi, akapeleka. Dolkar akafunika uso kwa kiganja.

“Anasema walimwambia,” Bhanumati alijibu. “Walimwambia, funga na wako, una safari nyingi. Akasema mwakani.”

Saido alilia wakati huo, kwa mara ya kwanza tangu makaburini, kilio kisicho na sauti kinachotikisa mabega tu. Bhanumati hakumgusa. Dolkar naye hakukata simu. Wanawake watatu walikaa hivyo, mmoja milimani na wawili Handsworth, mpaka kilio kikachoka chenyewe.

Kisha Saido akajipangusa kwa shungi, akasema anataka kumwona mbuzi.

Dolkar akainuka na simu. Picha ikayumba: ngazi ya mti, mlango mfupi, mashamba yaliyokwisha kuvunwa yakiwa ya rangi ya ngozi ya simba, na nyuma yake milima myeupe iliyomtisha Saido hata kwenye kioo kidogo namna ile. Mbuzi alikuwa peke yake kando ya ukuta, akitafuna mabua ya shayiri. Utepe ulikuwa umepauka ukawa waridi. Aliinua kichwa chenye paji jeupe akaitazama simu, kwa dharau waliyo nayo mbuzi wote, wa Isiolo na wa kila mahali.

Saido alisogeza kiti. Alimtazama miguu, mbavu, kiuno.

“Muulize, anakula vizuri?”

Bhanumati akauliza. Anakula.

“Usiku analala wapi?”

Analala zizini, chini ya kile chumba.

“Theluji ikianguka, wanamfungia ndani? Asije akaachwa nje. Mwambie mbuzi mweusi ni mkaidi, huwa hajileti mwenyewe.”

Bhanumati alifungua mdomo kutafsiri, akashindwa. Maswali hayo alikuwa ameyasikia kupitia ukuta wa nyumba, mwaka mzima, kila simu ilipolia. Alikohoa, akaanza upya. Dolkar akasikiliza mpaka mwisho, akasema mbuzi atafungiwa, na kwamba yeye mwenyewe atahesabu kila jioni kabla ya kufunga mlango. Kisha akauliza jambo. Bhanumati alilitafsiri akiwa amemgeukia Saido, hakutazama simu.

“Anasema amekujibu yote. Sasa na yeye anauliza. Utepe huu ulifungwa kwa ajili yako, na kila akimpa majani atataka kujua. Wewe unakula?”

“Mwambie nakula,” alisema Saido.

Bhanumati alinyanyuka, akapakua kichri kutoka kwenye sufuria iliyokuwa jikoni tangu asubuhi, akamimina samli juu, akaiweka sahani mbele ya Saido.

“Nilikuahidi kutafsiri maneno kama yalivyo, Mama Nimo. Uongo sitafsiri.”

Akakaa, akangoja. Kwenye simu Dolkar naye alingoja bila kujua anangoja nini, na pembeni yake mbuzi alikuwa ameyarudia mabua yake.

Saido aliitazama sahani. Akasema bismillahi kwa sauti isiyosikika, akatia tonge mdomoni. Halikuwa na ladha yoyote. Alilitafuna kwa muda mrefu, machozi yakimshuka mpaka kidevuni, akalimeza, akachukua la pili.

Bhanumati akaigeukia simu. “Anakula,” akamwambia Dolkar.